Rula ya Baba na Mkia wa Ndege

Kirua Vunjo,
7 Aprili 2025

Mpendwa dada Zita,

Shikamoo dada, na tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa binti wa Augustino ilikufikia huko Songea? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Masika imeanza vizuri, migomba imesimama, na mbuzi wa wifi yako Digna amezaa mapacha.

Nimeona nikuandikie kwa mkono, maana kwenye simu ningezungukazunguka mpaka salio liishe kabla sijasema.

Habari ya ndege ya mdogo wetu Leodegar uliyoisikia ni ya kweli. Alipostaafu kule kwenye karakana ya ndege Dar alileta makasha manne ya vipande vya ndege, akayafungulia katika banda la baba la kahawa, na sasa humo kuna ndege ya watu wawili. Leseni ya kurusha anayo. Mkaguzi wa serikali atakuja baada ya Pasaka, kisha mabawa yafunguliwe, ishushwe Moshi kwa lori.

Nimekuwa nikimsaidia, na nimejifunza mengi. Kila kipande kiandikwe namba kabla hakijachanganyika na vingine. Tundu litobolewe dogo kwanza, ndipo lipanuliwe. Na tundu la ribiti, kile kipini cha kuunganishia mabati, likikaa karibu mno na ukingo wa bati, siku moja bati litachanika. Hilo la mwisho sikufundishwa na yeye. Nina miaka ishirini na sita nikitengeneza mifereji ya mabati.

Na hapo ndipo ilipo dhambi yangu.

Unakumbuka mambo ya urithi. Leo wetu, yaani Leodegar, kitindamimba, akapewa kihamba, lile shamba la migomba na kahawa, na nyumba ya baba. Filemon, mkubwa, akapewa kihamba cha babu. Mimi wa kati nikapewa sanduku la vifaa na maneno mazuri. Sikulalamika, ila moyoni niliweka. Sasa watu wanatoka Marangu, wengine Bomang'ombe, kuja kuona ndege, na wanasimama mlangoni kwangu kuuliza njia! Mzee mmoja akaniangalia juu mpaka chini: "Kumbe wewe ndiye kaka yake? Mbona wewe hukusoma?" Dada, nusu ya Kirua wanakinga maji ya mvua kwa mifereji yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuipiga picha.

Kabla ya Jumatano ya Majivu, Leo alikuja kwangu. "Kaka, niazime rula ya mzee. Mkia nataka niupime kwa kifaa chake, uwe na baraka." Nikampa. Ni ile ya mbao, ambayo ncha imelika karibu nusu sentimita. Baba alitufundisha mimi na Filemon tuanze kupima kwenye alama ya moja, siyo kwenye ncha. Leo alikuwa mdogo, hakuambiwa. Siku ile nilisahau tu, Mungu ni shahidi. Lakini wiki ya Majivu niliingia bandani nikaona mstari wa ribiti kwenye mkia, umeukaribia mno ukingo. Nilijua palepale: alianzia kwenye ncha, ile nusu sentimita imepotea.

Akaniuliza, "Unaonaje, fundi?"

Nikamjibu, "Umenyooka." Na kweli ulikuwa umenyooka.

Nikanyamaza hivyo karibu mwezi mzima. Nilitaka mkaguzi auone, amwambie mbele ya watu, na mimi niwepo. Baadaye nikaanza kujiuliza: na asipouona?

Jumapili ile iliposomwa Injili ya mwana mpotevu na yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia kwenye karamu, nilibaki kwenye benchi, sikwenda kukomunika. Digna akadhani tumbo linaniuma. Tulipofika nyumbani, Leo akaja na sufuria ya mtori wa ndizi. "Kaka, kiti cha pili ni chako. Wa kwanza kupanda nami ni wewe. Nani mwingine hapa anajua bati?" Ule mtori nikamwachia Digna.

Asubuhi yake nilikata isale, lile jani letu la kuombea msamaha, kwenye mpaka wa shamba, nikalipiga fundo kama tulivyofundishwa, nikampelekea bandani. Nikamweleza yote.

Alilishika lile jani, akaugeukia mkia. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ya Majivu."

"Na ungepanda?"

Nikachukua drili, dada, nikaanza na ribiti ya kwanza.

Isale halikataliwi, na amelipokea. Lakini hanisemeshi. Tunazing'oa zile ribiti moja moja, mia mbili na kumi na mbili, ili tukate bati jipya. Akitaka drili ananyoosha mkono tu. Na nisikudanganye, wivu haujaondoka wote. Ijumaa walikuja watu na simu zao, nikajikuta nimekwenda kusimama mbele ya bawa.

Wewe ndiye uliyetulea mama alipotutoka, neno lako atalisikia. Tuandikie barua moja, ya sisi wote wawili. Kwenye bahasha uanze na jina lake. Nitavumilia.

Msalimie shemeji, Theodora na Lucky. Digna na Filemon wanakusalimu sana. Bwana akuponye goti lako, na Mama Maria aifunike nyumba yako.

Tafadhali dada, usikawie kunijibu.

Mdogo wako akupendaye,
Ambrosi