Sabuni ya Wiki Sita

Mtaa wa Dallas, Embu
Jumatatu, 3 Juni 2024
Manyunyu tangu alfajiri. Mlima hauonekani.

Dada yangu Zuleka,

Salamu kwako, kwa shemeji Rahim na kwa mama yako, Mama Sharifa. Hamjambo? Ule mgongo wako umepoa? Sisi tu wazima, ila Kaari alirudi shule na mafua. Baba Kaari analalamika kwamba nyumba yetu inanuka kanisa na saluni kwa pamoja.

Ndani ya katoni hii kuna miche ishirini na minne ya sabuni ya mchaichai kwa wateja wako wa Majengo, na mishumaa mitatu ya majaribio. Mmoja nimetia karafuu, wa pili rozimari, wa tatu mdalasini na ganda la chungwa. Uwashe mmoja mmoja, kisha uniambie upi uende kwa yule mama mwenye nyumba ya wageni. Pua yangu inajua moshi tu. Wewe tangu tukiwa dawati moja Form Two ulikuwa ukituambia jikoni wamepika nini kabla kengele haijalia.

Mafuta ya ng'ombe yamebaki nusu ndoo. Mwambie Rahim anitengee pale buchari yale meupe ya figo, nawe uniyeyushie na kunichujia kama kawaida.

Sabuni hizi usiziuze kabla ya tarehe 10. Nilizimwaga kwenye kalibu 29 Aprili, na wiki sita ni wiki sita. Ukizigusa kwa ulimi leo bado zinachoma. Kostiki soda haijali kama mtu ana haraka.

Dada yako,
Kathambi

Jumanne asubuhi, kabla ya kufunga katoni: nililala saa tatu na dakika ishirini usiku.


Majengo, Meru
12 Juni 2024

Kathambi dada,

Salamu zimefika, na zako hizi hapa. Mu wazima huko? Sisi tunamshukuru Mungu.

Wewe na saa zako za kulala. Nilimsomea Mama, akauliza kama huko Embu kuna askari anayepita kukagua.

Mafuta ninayotuma aliyachuja Mama. Safari hii moshi wake ulinishinda. Na mishumaa, unisamehe. Niliwasha wa karafuu nikakimbilia uani kutapika. Wa rozimari vivyo hivyo. Siku hizi kila harufu inanigeuza tumbo, hata kahawa. Rahim akitoka buchari anaogea nje kabla hajaruhusiwa kuingia, maskini. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Chagua wa mdalasini, ninaukisia tu.

Ombi moja. Ukimwaga tena sabuni, nitengenezee mche mmoja usio na harufu yoyote. Ngozi yangu imekuwa kama ya mtu mwingine. Lakini usijali.

Dada yako,
Zuleka


Dallas, Embu
Jumatatu, 17 Juni 2024
Jua limetoka saa mbili, mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

Mama Mtoto,

Ndiyo, nimekuita hivyo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ofisi ya vifurushi, ikabidi niketi juu ya ndoo ya mafuta. Kutapika asubuhi, kahawa kukushinda, mume kuogeshwa uani! Mimi nilipokuwa na Kaari sikuweza kupita karibu na sufuria ya githeri. Miaka kumi na moja ya kungoja, Zuleka. Kila Jumapili nimekuwa nikikutaja katika maombi, na mchungaji wetu hadi leo hajui Zuleka ni nani.

Najua hutaki lisemwe mapema. Kwenu na kwetu ni vilevile. Sitauliza, na sitapiga simu, maana nitaropoka na Rahim anasikia.

Leo nimemwaga sabuni ya mtoto. Uliomba mche mmoja, nimefanya kumi na miwili. Ni mafuta yenu ya Majengo na ya maparachichi niliyokamua mwenyewe. Kostiki nimeipunguza, harufu sikutia hata tone. Nimeandika kwa penseli kwenye karatasi na kuibandika: imemwagwa 17 Juni, tayari 29 Julai. Siku hiyo nitaileta kwa mkono wangu. Sabuni inayochoma ulimi wangu haitagusa mtoto wako.

Jitahidi kula. Ndizi za Mitunguu za kwetu ukizichemsha bila chochote hazina harufu.

Dada yako,
Kathambi

Jumanne asubuhi: nililala saa tano, kwa furaha.


Majengo, Meru
26 Juni 2024

Kathambi dada,

Hujambo? Kaari amepona mafua? Huku tupo.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama alikuja mlangoni kuniuliza nacheka na nani.

Usimwambie mtu. Usije kabla ya sabuni kuwa tayari. Lakini niandikie. Niambie umeiweka wapi, imekuwa rangi gani, utaifunga na nini. Na wewe ulipokuwa na Kaari, ile miezi ya kwanza, ilikuwaje? Hukuwahi kunisimulia. Nadhani ulikuwa ukinionea huruma.

Simulia tu. Nina nafasi.

Dada yako,
Zuleka


Dallas, Embu
Jumatatu, 8 Julai 2024
Ukungu hadi saa nne. Nguo za juzi hazijakauka.

Mama Mtoto,

Habari ya tumbo? Na Mama Sharifa, goti lake?

Ni kweli, nilikuonea huruma. Watu wakizungumzia watoto ulikuwa ukiangalia ukuta, nami nikafunga mdomo. Basi nisikilize sasa. Miezi ya kwanza nililia kwa sababu ya vitu vya bure. Nililia kwa kuwa mkate ulikuwa umekatwa vibaya. Nikiosha vyombo nilikuwa nikimweleza aliye tumboni kila ninachofanya, hiki ni kijiko, haya ni maji, huyo anayekohoa ni baba yako. Nilijiona mwendawazimu. Baadaye Baba Kaari akaniambia kwamba alikuwa akisimama nyuma ya mlango kusikiliza.

Sabuni iko juu ya ubao chini ya kitanda cha Kaari. Kila Jumapili naigeuza. Imekuwa nyeupe yenye umanjano kidogo, kama siagi. Nitaifunga kwa kitambaa cha flaneli. Nimeanza pia sweta, ya rangi ya maziwa, kwa kuwa hatujui ni nani anakuja. Akiwa msichana mtamwita Sharifa, jina la mama yako, hilo sibishani.

Nimekosa kidogo: nimemwambia Baba Kaari. Akasema tu, "Hatimaye."

Dada yako,
Kathambi

Jumanne asubuhi: nililala saa nne na robo. Mkono mmoja wa sweta umeisha.


Majengo, Meru
Alhamisi, 18 Julai 2024

Kathambi dada yangu,

Salamu kwenu nyote. Nimeikawiza barua hii kwa siku tatu.

Hakuna mtoto. Nina kansa ya kizazi. Niliambiwa mwezi wa nne. Kinachonitapisha ni dawa ya kemo. Wiki jana daktari alimwambia Rahim kwamba hawataendelea nayo, tukae nyumbani, tupewe dawa ya maumivu. Rahim hakunificha.

Nilikuandikia kuhusu harufu kwa kuwa ndiyo ilikuwa kweli niliyoweza kuisema. Barua yako ikarudi ikiniita Mama Mtoto. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, nilitaka kukukatalia. Sikuweza. Huku Majengo nilikuwa mgonjwa. Mlangoni watu wananong'ona, wanaacha viatu polepole. Huko kwako Dallas nilikuwa mjamzito. Kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa akifuma sweta. Kathambi, kwa mwezi mzima nilikuwa nikienda kwako kila usiku maumivu yakizidi, nikaketi jikoni nikikusikiliza ukitaja vijiko.

Niliposoma Baba Kaari alivyosema, nikajua nimekwenda mbali.

Nisamehe. Mche mmoja bado nautaka.

Dada yako,
Zuleka


Dallas, Embu
Jumamosi, 20 Julai 2024

Zuleka,

Nimesoma.

Tangu mwezi wa nne. Mimi nakutumia mchaichai na maagizo ya usiuze kabla ya tarehe 10, na wewe unajua. Rahim anajua, mama yako anajua, jirani anayeacha viatu mlangoni anajua. Mimi niliyekaa nawe dawati moja ndimi niliyeachwa niimbe peke yangu. Nilimwambia Mungu asante, kwa sauti, mbele ya watu.

Sweta nimeifumua.

Kathambi


Majengo, Meru
24 Julai 2024

Kathambi dada,

Hujambo? Mimi leo nimeamka nikaketi kitandani.

Una haki yote. Sina la kujitetea.

Uzi usiutupe. Sabuni usiitupe.

Dada yako bado,
Zuleka

(Mwandiko si wangu, ni Mama anayeniandikia. Mkono umechoka.)


Dallas, Embu
Jumatatu, 29 Julai 2024
Manyunyu, kisha jua hafifu saa tatu, kisha manyunyu tena.

Dada yangu Zuleka,

Nakuandikia kwenye daftari langu, maana ofisi ya vifurushi haina njia ya kukufikishia. Salamu kwako. Nimezoea kukuuliza hali.

Barua yako ya mwisho niliipata Alhamisi saa sita mchana. Gari la Meru lilikuwepo saa saba. Ningeweza kulipanda hata na ndala miguuni. Badala yake niliinama chini ya kitanda, nikaiangalia ile karatasi, nikasema Jumatatu. Nilijiambia ni kwa ajili ya sabuni. Wewe unanijua. Hasira ilikuwa imekwisha Jumapili iliyotangulia, lakini sikutaka uone imekwisha haraka namna ile. Nilitaka siku chache zaidi za kuwa na haki.

Rahim alipiga simu Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Aliniambia watakuzika baada ya adhuhuri. Nilifunga miche yote kumi na miwili kwa flaneli, nikafika Majengo saa nne. Mlangoni viatu vilikuwa vingi, nami nikaacha vyangu polepole kama wengine.

Wanawake walikuwa wakijitayarisha kukuosha. Mimi si wa dini yenu, nilijua nafasi yangu, nikasimama uani penye beseni alilokuwa akiogea Rahim. Mama Sharifa akatoka na ndoo. Aliponiona hakulia. Aliiweka ndoo chini, akafungua flaneli mkononi mwangu, akanusa mche mmoja.

"Hii ndiyo ya mtoto?"

Kumbe ulikuwa umemwambia. Nikasema ndiyo, ni hiyo, lakini bado siku mbili. Nilimwambia hivyo, Zuleka. Mama amefiwa na binti yake nami namhesabia siku. Nikasema labda bado inachoma.

Mama Sharifa akafunika mkono wangu kwa mkono wake.

"Haitamchoma sasa," akasema, akaingia nayo ndani.

Nilisikia maji. Nilisikia mama yako akizungumza nawe kwa sauti ya chini, na kwa muda nilidhani ni dua. Halafu nikatambua alikuwa akikueleza anachofanya. Haya ni maji ya uvuguvugu. Huu ni mkono wako wa kulia. Hii ni sabuni ya Kathambi, ni laini. Niliegemea ukuta nikasikiliza kama alivyosikiliza Baba Kaari. Haikuja harufu yoyote kutoka dirishani, kama ulivyotaka, mpaka mwisho walipotia kafuri.

Alirudi na kipande kilichobaki, chembamba, kingali na maji, akaniwekea kiganjani. Akanikemea kidogo pia. Akasema ningekuja Alhamisi ungenifurahia, ulikuwa ukiuliza kila gari likisimama pale barabarani. Miche kumi na mmoja nilimwachia.

Leo ndiyo tarehe iliyo kwenye karatasi. Nimekigusa kipande chako kwa ulimi. Hakichomi.

Mafuta uliyotuma mara ya mwisho bado yapo, karibu ndoo nzima, yamechujwa na Mama Sharifa. Mwenye nyumba ya wageni amepiga simu, anataka mishumaa na anauliza ya harufu gani. Nimemwambia nitamjibu. Nilijibakizia mingine kama ile niliyokutumia: nimewasha wa karafuu, wa rozimari na wa mdalasini, nikainama juu ya kila mmoja kwa muda mrefu. Nasikia moshi tu.

Uzi sikuutupa. Ulikuwa umejikunja wote kwa kukaa kwenye sweta, hivyo nimeulowesha na kuutundika unyooke. Nimeanza tena mkono ule ule wa kwanza. Sijui ni wa nani.

Dada yako,
Kathambi

Jumanne asubuhi: nililala saa kumi kasoro dakika tano alfajiri.