Samaki Wembamba wa Gesima

Nyanchwa, Kisii

Mama mpenzi,

Nakuamkia nikiwa mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Kaka Mwakio amemaliza kuezeka jiko? Mimi nakula vizuri, na familia niliyopanga kwao hapa Nyanchwa wananichukua kama mtoto wao. Lakini kuna jambo limenitia hofu, na ni heri ulisikie kutoka kwangu.

Unajua kazi yangu ni kupima samaki. Huko Gesima, katikati ya mashamba ya chai, ofisi yetu ina bwawa la perege wa kigeni walioletwa kwa lori. Kila wiki nawapima urefu, kisha kimo cha mwili kutoka mgongoni hadi tumboni, naandika. Ni wanene, migongo imeinuka. Bwana Samaki, mkubwa wangu, alituonya tangu mwanzo kwamba hata mmoja asiingie mtoni, wasije wakawamaliza samaki wa asili. Ndiyo maana mlango wa kutolea maji umewekewa wavu wa waya.

Masika ya mwaka jana niliutoa wavu ule niusafishe, maana majani yalikuwa yameuziba. Radi ikapiga mkaratusi ng'ambo ya bwawa. Mama, radi za huku zinaua watu. Niliutupa wavu nikakimbilia banda la kuuzia majani ya chai. Mvua ilipokatika nilirudi, nikakuta bwawa limefurika na maji yanamwagikia mtoni. Niliurudisha wavu mahali pake, na sikumwambia mtu.

Nimenyamaza mwaka mzima. Wiki hii askari wa chifu walimleta ofisini, pale bwawani, mzee Nyakundi, mkulima wa ndizi wa kule chini ya bwawa, pamoja na kikapu cha samaki. Walisema ameiba samaki wa serikali. Yeye alisema amewavua mtoni kwa ndoana. Karani wa chifu akacheka, akasema mtoni mle hawajawahi kuonekana perege tangu enzi za babu zake. Wakaniita niwatazame.

Nilihesabu miiba ya mgongoni, ikawa sawa na ya samaki wetu. Magamba yale yale. Ila miili ilikuwa mingine kabisa: myembamba, mirefu, ya samaki aliyekulia kwenye maji ya kasi. Nikaelewa papo hapo. Nikisema ni wetu nikaishia hapo, mzee analala ndani. Nikisema wamekulia mtoni, wataniuliza walifikaje huko. Mzee alikuwa ananitazama tu, kofia mkononi.

"Hawakuibwa," nilisema. "Wa bwawani ni wanene. Hawa wamezaliwa mtoni, na mimi ndiye niliyewaachia wazazi wao njia."

Bwana Samaki alikwenda kuchukua wavu wa kuvulia. Kisha akaniamuru nivue kumi bwawani, niwalaze mezani kando ya wale wa kikapuni, niwapime wote mbele yake. Hata karani aliona tofauti. Mzee Nyakundi akaachiliwa kabla ya adhuhuri. Mimi niliambiwa niandike maelezo, na nisiguse kazi mpaka barua itoke makao makuu. Leo ni siku ya nne. Baiskeli yoyote ikisimama mlangoni, nadhani ni tarishi, nakimbilia dirishani. Sijui ni kufukuzwa au ni kushtakiwa.

Jana mzee alikuja hapa kutoka Gesima, na mkungu wa ndizi begani. Alinishukuru, tukanywa chai. Alipoinuka kwenda ndipo akaniuliza.

"Moiseke," akaniita, ndivyo wanavyomwita binti huku, "wale samaki wadogo wenye sharubu, tuliokula tangu utotoni, siku hizi hawashiki ndoana. Watarudi?"

Nikamsindikiza hadi mlangoni. Akavaa kofia yake, akateremka kilima. Mama, ofisi inaweza kunifukuza na nikapata kazi nyingine. Lakini perege wale hakuna wa kuwaita warudi bwawani, na mto unaendelea kuteremka nao hadi mahali nisipopajua.

Nisalimie nyanya aliyenilea, na kaka Mwakio, na shangazi Mghoi anayeniombea kila Jumapili. Baba mwambie wewe mwenyewe, polepole, akishamaliza kula. Nimejaribu kumwandikia mara tatu nikashindwa.

Ni mimi binti yako,
Wakesho