Kichupa Nilichokiweka Juu ya Moto

Mushaki, tarehe 9 mwezi wa sita 2022

Mpendwa binti yangu Gentille,

Nakusalimia kwa jina la Bwana. Uko muzima? Ile kikohozi ilikwisha? Huko Kampala unakula, ao ni chai tu na mukate? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Papa yako mugongo unamuuma, lakini jana alipanda kilima.

Maharagi imetoa maua.

Mutoto wangu, kuko neno linanilemea. Siku ulipopanda pikipiki kwenda Kashebere kuchuma majani, kabla ya kupitiliza Kampala, uliniachia kichupa cha dawa ya labo, ya kupimia majani ya maharagi, ndani ya barafu, ukasema nikichunge, ndiyo kazi yako yote. Barafu ikageuka maji. Niliogopa kitaoza. Nikakipangusa, nikakiweka juu ya moto, kwa uchaga, pamoja na mbegu, fasi tunachungia kila kitu cha maana. Kimekaa kwa moshi siku kumi na mbili.

Papa Callixte, yule muuguzi, infirmier wetu, alikuja kukichukua akipeleke Goma kwa basi, kifike kwako. Akacheka kwanza: "Mama Gentille, hata chanjo ya watoto tunaikausha kama samaki?" Kisha akakishika, akakigeuza kwa mwanga. Akanieleza dawa ya namna ile ni kama ute wa yai, ukiiva haurudi.

Nikakumbuka vile ulinionyesha kwa kitunga changu. Ulisema proteini ya jani la maharagi inajisuka muzunguko juu ya muzunguko, ile ile inajirudia, na dawa yako inatambua ile misuko tu, ingine haigusi. Sasa labda haitashika kitu, ao itashika kila kitu.

Mudogo wako Élysée akasema: "Mama, tukiweke mu maji ya baridi, tukitume. Nani atajua?" Nikamukatalia. Dawa ikikudanganya, wewe utadanganya watu wenye watapanda mbegu kwa neno lako.

Kwa hiyo sikitumi. Umuombe professeur wako kichupa kingine leo, usingoje. Akikasirika, umwambie ni mama yako, hakusoma. Usibebe kosa langu.

Majani ulichuma, najua, hayatakaa mpaka dawa ingine ifike. Ile mistari ya maharagi ya juu ya shamba ambayo ugonjwa haujashika, nimekataza watu wote kuchuma mboga pale, hata Papa yako. Anung'unike tu. Inakungojea mpaka utarudi.

Umusalimie Gaëlle munayelala naye chumba kimoja. Papa na Élysée wanakusalimia. Mungu akufunike, wewe na kazi ya mikono yako.

Ni mimi mama yako, mwenye kukupenda na kosa lake,

Epiphanie Muhawenimana