Diski Ndogo ya Mbele

Jumatatu, 14 Julai 2025

Hili sijamwambia mtu, hata Mama: wakati wa mapumziko siendi maktaba. Najificha chumba cha seva. Kuna baridi na mngurumo, na hakuna wa kuniuliza, "Mulki, mbona husemi?"

Leo nimemkuta fundi Wabwile huko. Ametoka Bungoma kutupangia hifadhi upya. Seva tatu zinachangia diski zao ziwe hifadhi moja, na kompyuta zote za darasani zinaishi humo ndani. Diski hupangwa kwa makundi: moja ndogo ya kasi mbele, inayopokea kila tunachoandika, na kubwa nyuma yake. Ya mbele ikitoka, kundi zima linalala. Nimesoma mwongozo.

Fundi amezima nakala za akiba ili nafasi iongezeke. Nilitaka kumkanya. Nikasema, "Habari ya saa hii."

Jumatano, 16 Julai

Leo nimesema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya paka.

Fundi alikuwa anachomoa diski ndogo ya seva ya pili. Ati kompyuta ya Madam Rosaline, naibu wa mwalimu mkuu, inajikokota, anaenda kumwekea hii.

"Hiyo inabeba kundi zima," nikamwambia.

"Hii? Si unaona venye ni ndogo. Kazi zenu ziko kwa zile kubwa. Umesoma mpaka umepitiliza, bana."

Kemboi, kiranja wa maabara, akacheka. "Mulki ameongea. Leo mvua itanyesha."

Kitale, mwezi wa Julai, mvua ni ya kila siku. Hata mzaha hajui.

Alhamisi, 17 Julai

Kundi limelala. Nusu ya miradi yetu ya mtihani haifunguki. Yangu iko kundi lingine, salama, na hilo linaniudhi zaidi. Ya Chesang imo. Chesang anatoka Saboti, kwao hakuna kompyuta. Tangu Februari anajenga mfumo wa kupokea maziwa ya wakulima. Tunakabidhi wiki ijayo.

Fundi amesema ni stima. Stima! Umeme haujapotea wiki nzima. "Waandike upya, si bado kuna wakati?"  Chesang aliomba kalamu yangu, akaanza kuchora majedwali kwenye karatasi.

Na bado hakuna kilichopotea. Diski ikirudi ilivyo, kundi linaamka. Ikifutwa, basi. Tayari imo kwenye kompyuta ya Madam, na fundi anaifuta baada ya chai.

Nimemwambia. "Mimi nimesomea hii kitu," akasema. Nimemwendea Madam. "Mwachie fundi kazi yake, dear." Hakuinua macho. Kisha akaenda kunywa chai.

Nimeingia ofisini kwake. Nimechomoa waya wa kompyuta, nikaketi sakafuni, mgongo kwenye mashine. Fundi alipofika na kikombe chake akasema, "Toka hapo." Nikasema hapana. Ameenda kumwita Madam.

Naandika nikiwa hapa chini. Viatu vya Madam vinasikika kwenye veranda. Waya nimeukalia.