Tangi Limerudi na Lori

Jumamosi, jioni. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi hadi kwa meno. Mwanangu Wakesho amelala mgongoni na sina moyo wa kumshusha.

Seneta alikuja leo hapa Makwasinyi kuomba kura tena. Safari hii ana mpinzani wa nguvu, kijana wa Voi, ndiyo maana ameikumbuka njia ya kwetu. Mama mkwe wangu ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Wiki yote aliniambia jambo moja tu: imba vizuri, tupate tangi la maji.

Mimi ndiye huwa naanzisha nyimbo. Nauliza, wenzangu wanajibu. Nani alileta dispensari? Seneta! Nani analeta maji? Seneta! Rahisi hivyo.

Tangi lenyewe lilikuwa pale juu ya lori, jeusi, kubwa, limebandikwa picha yake. Tuliambiwa litashushwa tukimaliza kuimba.

Nililitaka tangi hilo, Mungu anajua. Anayeteka maji kisimani na mtoto mgongoni ni mimi.

Lakini jana ndovu waliingia tena shambani. Ndengu zote zimelala chini. Baba Wakesho alikuwa huko analinda na tochi na debe la kupigia kelele. Alirudi suruali imechanika, amekaa tu akimwangalia mtoto. Uchaguzi uliopita seneta alisimama uwanja huo huo akatuahidi ua wa stima wa kuzuia ndovu. Na tulimwimbia.

Sikupanga kufanya nilichofanya.

Nilianza vizuri. Dispensari, Seneta! Maji, Seneta! Naye anacheza na sisi, leso shingoni. Halafu nikasikia mdomo wangu unauliza, "Nani alituahidi ua wa ndovu?"

"Seneta!" Wakajibu kwa mazoea, na vigelegele juu.

"Na nani hajauleta?"

Vigelegele vikakatika.

Kijana mmoja wa kampeni akasogea, akaninong'oneza, "Wee mama, unatafuta nini?" Nilikuwa namwangalia mama mkwe. Huyo ameteka maji kisima hicho tangu aolewe, na mimi nimemharibia mbele ya watu.

Akakaza leso yake kiunoni. Akajibu peke yake, sauti inapasuka:

"Seneta!"

Ndipo wengine wakaitikia.

Mheshimiwa alicheka, akashika maikrofoni, akatueleza kwamba kazi ya seneta ni kutunga sheria. "Sasa hizo sheria, ndovu wanasoma?" mama mmoja akamtupia kutoka nyuma. Watu walivunjika mbavu. Yeye hakucheka tena. Magari yakawashwa, na lori nalo likaondoka na tangi letu.

Njia nzima ya kurudi mama mkwe alitangulia mbele peke yake. Baadhi ya wenzetu walinisema, na siwalaumu. Nililia kidogo, nikitembea.

Sasa hivi mama mkwe amepita hapa mlangoni na mitungi miwili. Mmoja ameuweka miguuni pangu.

"Mama Wakesho, kesho tuwahi kisimani," amesema. Amefika kwenye ngazi, akageuka. "Na huo wimbo uutengeneze vizuri. Jumatano anakuja yule wa Voi."

Mgongo unaniuma. Nimeanza kutafuta maneno.