Upinde Uliochelewa Lakeville

Minneapolis,
Februari 1996

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niruhusu nianze kwa kufafanua neno moja, kwa sababu habari yote ninayokuletea imesimama juu yake. Upinde wa dharura, kwa maana tunayoitumia kazini, ni bomba nene la chuma lililolazwa nyuma ya viti vya gari la wazi, ambalo husimama lenyewe pale tu kompyuta ya gari inapoamua kwamba gari linapinduka. Ukiitwa, una theluthi moja ya sekunde kusimama na kubeba uzito ambao ungebebwa na kichwa cha dereva.

Mimi ni mzima. Barua yako ya kabla ya Krismasi ilinifikia, na nimefurahi kusoma kwamba goti la Mama limepoa na sasa anakwenda kanisani kwa miguu yake. Naomba unijulishe kama ngano ya shamba la juu ilipona kutu. Bado naishi mtaa wa Cedar, ghorofa ya kumi na saba, na katika duka lililo chini ya jengo napata unga wa ugali na iliki. Baridi ya mwaka huu ni kali kuliko zote nilizozikuta hapa.

Gari tunalolijaribu lingekufurahisha, wewe uliyezoea kukagua chombo kabla ya kukitumia. Lina viti viwili tu. Ukibonyeza kitufe, pampu za mafuta hulikunja paa na kulificha chini ya kifuniko cha nyuma bila mkono wa mtu kuligusa. Springi zake hulegea au kukaza kulingana na barabara, na breki zake hujiachia na kujishika zenyewe mara nyingi kwa sekunde ili tairi lisiteleze. Dereva wetu wa majaribio ni Otieno, Mkenya wa Kisumu, mcheshi asiyechoka. Siku ya kwanza alishuka akaniambia, “Buda, hii machine ukiikanyaga, roho inabaki nyuma. Inabidi u-wait ikufikie.” Mimi ananiita Redio, kwa sababu anasema Kiswahili changu ni cha taarifa ya habari.

Mwenye dhamana ya mahesabu ya upinde ni Mzee Kapinga, yule yule uliyesoma naye Songea, uliyemwandikia anipokee. Nililala nyumbani kwake Maple Grove miezi minne. Wazungu wote karakanani humwita Joachim, hata vijana wa umri wangu. Mimi sijaweza. Mbele yao simwiti jina lolote.

Ili kujua kwamba gari limeinama kupita kiasi, kompyuta hutegemea kichupa chenye kimiminika na kiputo cha hewa, ndugu kabisa wa kile kilicho kwenye darubini yako ya upimaji. Utakumbuka ulivyokuwa ukitusimulia jinsi ulivyoweka pima-maji ndani ya koti asubuhi za Kitulo, kwa sababu ikipigwa na baridi kiputo huwa kizito na kipimo hudanganya. Jumatatu jioni nilikuwa nikipitia jedwali la Mzee Kapinga, nikaona kwamba wepesi wa kile kimiminika ameuchukua kutoka kwenye vipimo vya ndani ya chumba chenye joto. Nilitoa kichupa cha akiba nje ya dirisha kwa saa nzima, kisha nikakiinamisha. Kiputo kilisogea polepole, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu; kwenye baridi upinde ungechelewa.

Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee, kwa sababu kesho yake tulikusudia kuondoa mikono ya chuma iliyofungwa ubavuni mwa gari ili kulizuia lisipinduke. Bila mikono ile, Otieno angebaki na upinde peke yake.

Nikampigia simu Mzee nyumbani. Akapokea mkewe, Mama Stella. “Yuko kwenye mazoezi ya kwaya, mwanangu. Nimwambie nini?” Nikasema nitamwona kesho. Kosa la mume halipitishwi kwa mkewe. Hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Asubuhi tulikaa kikao. Mkuu wetu, Bi Karen, ana desturi ya kumuuliza kila mtu kwa jina kabla ya kuruhusu jaribio. Alipofika kwangu akasema, “Damas, una pingamizi lolote kuhusu kuondoa ile mikono?” Mzee alikuwa mkabala nami, jedwali lake limetandazwa mezani, na Waamerika wanane wakitazama. Nikasema, “Hapana.” Nilikusudia kumweleza ukumbini, sisi wawili, kwa Kiswahili. Tulipotoka, alikwisha kuondoka katika gari la Bi Karen.

Uwanja wa majaribio uko nje ya Lakeville, penye tuta la saruji ambalo magurudumu ya upande mmoja hulipanda mpaka gari liiname. Nilimkuta Mzee ameshika bendera ya kuruhusu gari liondoke, Bi Karen ubavuni mwake. Mikono ya chuma ilikuwa imelazwa kwenye theluji.

“Shikamoo Mzee. Naomba tusogee pembeni kidogo.”

“Marahaba. Tukimaliza, mwanangu.”

“Ni jambo la sasa, Mzee.”

“Nimesema tukimaliza.” Alinijibu bila kugeuka.

Otieno alikuwa amekaa paa likiwa wazi, kofia ngumu kichwani, pumzi yake ikitoka kama moshi. “Redio!” alinipigia kelele. “Mbona sura ni ya matanga? Nani amekufa?”

Baba, nilikuwa na pumzi kama tano za kusema neno moja kwa sauti. Nilizitumia kutafuta namna ya kulisema bila kumvunjia Mzee heshima. Bendera ikashuka.

Gari lilipanda. Liliinama mpaka kufika pale upinde ulipopaswa kusimama, nao haukusimama. Kisha tairi la chini likakanyaga barafu, na gari likaendelea kuinama mpaka nikaona tumbo lake lote, mabomba na matope. Nikapiga ukelele, ila injini ilinifunika. Lilisimama hivyo kwa magurudumu mawili, kwa muda ambao sitadai kuujua. Halafu Otieno akakata usukani, nalo likarudi chini kwa kishindo, likatulia. Ndipo upinde ukachomoka nyuma ya kichwa chake, juu ya gari lililokwisha kusimama sawasawa.

Otieno aliutazama. Akasema, “Hii ni kama zimamoto ya kwetu. Inakuja kuangalia majivu.” Watu wakacheka. Kisha akaniachia mimi nimfungulie mkanda.

Mzee alinivuta nyuma ya banda. “Ulikuwa unajua?”

“Tangu jana jioni, Mzee. Kimiminika huwa kizito kwenye baridi. Jedwali lilikuwa la chumbani.”

“Na uliulizwa kikaoni. Kwa jina lako.”

“Ulikuwa mbele za watu.”

Akanena neno ambalo limenikosesha utulivu kuliko ukali wowote. “Ungesema pale mezani, ningekuchukia. Nisikudanganye. Ningekuchukia kwa miaka. Na yule mtoto wa watu asingening’inia pale.”

Jioni aliandika kwamba kosa ni lake peke yake. Mimi nikaandika taarifa yangu tofauti, kwamba nilijua, na saa niliyojua, na kwamba niliulizwa nikasema hapana. Zote ziko kwa Bi Karen. Mzee hajanikataza, wala hajanialika nyumbani Jumapili.

Mpe Mama salamu zangu, na umfiche habari ya tuta. Msalimie Kaka Erasto wa mashine ya kusaga, Dada Tulia na wanafunzi wake, na Shangazi anayetunza nyuki. Mwambie asali aliyompa Padri aniletee ilifika salama.

Wiki ijayo kichupa kipya kitakuwa tayari, na kikao kitakaa tena. Mzee Kapinga atakuwa mkabala nami na jedwali jingine, na Otieno amekwisha kukubali kuketi katika kiti kile kile. Nimejaribu kuandika hapa, kwenye karatasi ya pembeni, sentensi ambayo kwayo mtoto anaweza kumwambia mzee wake mbele za watu kwamba amekosea, ikawahi kabla bendera haijashuka, na mzee akabaki mzee. Nimeandika na kufuta. Wewe uliyetufundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, je, sentensi hiyo ipo?

Mwanao,
Damas