Alama ya Vidole Vitatu

Geita, 11 Juni 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako vipi, na goti je? Ile dawa ya kuchua niliyompa Enock, konda wa basi, ilikufika au alijichua mwenyewe njiani? Mimi ni mzima, kazi tu ndizo nyingi. Juzi nilikupigia simu mara nne, ukawa unajibu "Nani?" mpaka salio likaisha. Masikio yako yameliwa na mashine za zege, basi turudi kwenye karatasi kama nilipokuwa bwenini.

Nina habari mbili. Kampuni yetu imepewa kazi ya kujenga minara mitatu ya maji: Katoro, Ushetu, na hapo hapo nyumbani Mwanzugilo, ng'ambo ya shule. Meneja wa miradi yote mitatu ni mimi. Jina la mwanao litakaa kwenye bango, Baba, herufi kubwa.

Ya pili itakuuma, kwa hiyo naisema haraka. Nilijaza fomu ya kutamka kwamba mradi mmoja uko kijijini kwetu. Wamenikubalia kwa sharti: ndugu yangu yeyote asifanye kazi hapo. Asichanganye zege, asibebe hata ndoo. Najua toka Maganzo mpaka Kolandoto hakuna fundi wa zege kama wewe. Lakini taaluma yetu ndivyo ilivyo. Mtu hawezi kuikagua kazi ya baba yake mzazi akaaminika, na cheti changu cha usimamizi wa miradi kimesimama juu ya mambo kama hayo.

Usininunie.

Mwanao,
Vumilia


Mwanzugilo, 25 Juni 2023

Mama yangu Vumilia,

Marahaba. Huku mhola duhu, amani tupu. Goti linanipeleka kanisani na kunirudisha, sidai zaidi. Dawa ilifika ikiwa imepungua kidogo, na Enock anatembea vizuri sana siku hizi.

Sijanuna. Nimenyamaza tu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi miaka thelathini na nane nimemwaga zege la watu: nyumba za mapadri, makalvati, majosho ya ng'ombe. Kila kazi nimeiachia alama yangu, vidole vitatu kwenye zege bichi, ili siku ikipasuka watu wajue wabishe mlango wa nani. Mpaka leo hajabisha mtu. Sasa unajengwa mnara wa kwanza wa kijiji changu, na mimi nimewekwa upande wa watazamaji, pamoja na mbuzi.

Haya tuyaache. Juliana uliyesoma naye, mke wa Donatus, mkutano wa kijiji umemchagua kuuza maji kwenye kioski cha mnara. Alicheza pale mkutanoni mpaka kanga ikadondoka. Anasema kisimani hakanyagi tena, atakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mnara wa rafiki yake, na wanaotaka maji wamwamkie kwanza.

Simamia kazi. Hicho cheti chako sijui kimeandikwa nini, lakini ufundi ni uleule: unachokisaini, uwe umekiona.

Baba yako


Geita, 3 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na jua, nasikia huko hata kunguru wanatembea kwa miguu. Kwangu afya ipo, usingizi ndio haupo. Asubuhi niko Katoro, jioni Ushetu, na katikati nakula mihogo ya barabarani.

Nasibu, msimamizi wetu wa hapo Mwanzugilo, anasema nguzo za mnara zitamwagwa wiki ya tarehe kumi na nane. Siku ya uzinduzi imeshapangwa na mgeni rasmi ameshaalikwa, na mgeni rasmi hasubiri zege likauke.

Nikueleze kitu, ili uache kuidharau kazi ya mwanao. Nguzo zikimwagwa, tunachota kidogo kutoka kwenye zege lilelile, tunajaza kwenye viboksi vya chuma, tunapata vitofali sita. Baada ya siku ishirini na nane vinapelekwa maabara na kuvunjwa kwa mashine. Hapo ndipo tunajua nguzo zina nguvu kiasi gani. Ni lazima mimi niwepo vinapochukuliwa. Vijana wangu nawaambia kila siku: kipimo kisichoshuhudiwa si kipimo, ni barua ya mapenzi. Wanacheka, lakini wanaandika.

Nasikia unakwenda saiti kila asubuhi na kigoda chako. Baba, nakuomba. Watu wakiniona nimekuweka pale hata kama mtazamaji, maneno yataanza. Nenda kwa Donatus mpige soga.

Mwanao,
Vumilia


Mwanzugilo, 1 Oktoba 2023

Mama yangu Vumilia,

Marahaba. Mzima mimi, sijui wewe. Tulikungoja wiki ile na hukuja. Nasibu alituambia gari lako limekwama Ushetu.

Nguzo zimemwagwa, zote nne, kwa siku mbili. Vitofali vyako vya kupimia vilichukuliwa pia, usiwe na wasiwasi. Ni vizuri. Niliviona.

Saruji ilichelewa kuja, lakini wamejitahidi, na kazi haikusimama hata saa moja. Huyu Nasibu ni kijana mwenye heshima kuliko nilivyomdhania, ananiita fundi mkuu mbele ya watu. Jina lako liko salama kwenye bango. Juliana analifuta vumbi kila asubuhi kwa mtandio wake.

Sina zaidi. Mkono umechoka kuandika.

Baba yako


Geita, 12 Novemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua za kwanza zimekukuta shamba liko tayari. Mimi ni mzima.

Majibu ya maabara yamekuja. Yamepita kiwango mbali sana, hata kijana wa huko alinipigia kuuliza zege lile limechanganywa na fundi gani. Ripoti ina picha za vitofali vyote sita, zimepigwa kabla havijavunjwa. Nilizitazama picha zile muda mrefu sana, Baba. Halafu nikasaini.

Uzinduzi ni tarehe 2 Desemba. Vaa lile koti la kijivu, na viatu nimempa Enock akuletee. Hivyo havimtoshi, nimehakikisha. Mwezi wa kwanza nimealikwa kuwafundisha mameneja wenzangu juu ya viwango vya kazi. Mfano nitakaoutumia ni mnara wa Mwanzugilo.

Mwanao,
Vumilia


Mwanzugilo, 17 Machi 2024

Vumilia,

Sikuulizi hali. Wenye masikio wameshakupigia simu na unajua. Mimi nakuandikia yaliyo yangu.

Mnara ulianguka Jumanne asubuhi. Tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Manyunyu yalianza, wenye ndoo wakakimbilia baraza ya shule, wakaziacha ndoo zimepanga foleni. Juliana alibaki kwenye kiti chake, alisema malkia hakimbii manyunyu. Mguu mmoja wa mnara ulikatika, na ile mingine haikuweza kuubeba mzigo. Tulimtoa chini ya kifusi mimi na Donatus, kwa mikono yetu. Alikuwa ameshakufa. Zege la ile nguzo lilikuwa linamomonyoka kwenye kiganja changu kama mkate wa juzi.

Polisi wamemchukua Nasibu. Sasa nisikilize vizuri.

Vile vitofali sita nilivitengeneza mimi. Siku ya nguzo saruji ilikuwa pungufu, mfuko mmoja unafanya kazi ya miwili, na mimi nimekaa kwenye kigoda naona. Nasibu akanijia: "Fundi mkuu, hebu tuwekee mkono kwenye hivi sita tu." Miezi mitatu hapakuwa na mtu aliyenipa hata mwiko. Mungu anisamehe, nilinawa mikono kama padri. Nilichekecha mchanga, nikaosha kokoto, nikaweka saruji ya kujengea daraja. Na nilijua ni vya nini, maana wewe mwenyewe ulikuwa umeniandikia.

Nilijiambia nikisema, kazi itasimama, tarehe ya mgeni rasmi itapita, na mwanangu ataondolewa kwenye lile bango. Nilifanya kwa ajili yako. Hiyo ni kweli, ila si kweli yote. Nilitaka pia kwenye mnara ule kiwepo kitu kimoja ambacho ni changu.

Watakapokuita, sema ulidanganywa na baba yako. Mimi nimeshazeeka, sina cheti cha kunyang'anywa.

Donatus ameniomba nimjengee mkewe kaburi. Anasema hataki fundi mwingine. Hajui.

Baba yako


Geita, 24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuulizia goti lako. Naliulizia.

Siwezi kusema ulinidanganya. Alama yako niliiona. Kila kitofali, upande wa juu, vidole vitatu. Yule kijana wa maabara aliandika "kasoro ndogo usoni". Nilipoiona tu nilijua mambo yote mawili: kwamba wewe uliyekatazwa kugusa umegusa, na kwamba vitofali vile havikutoka kwenye zege la nguzo, kwa sababu Nasibu hana mkono wa kuchanganya zege la nguvu vile na hatakuja kuwa nao. Kanuni iko wazi, naifundisha mimi mwenyewe. Nilitakiwa nivikatae, nitoboe nguzo zenyewe, nichukue zege la ndani likapimwe upya. Uzinduzi ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Badala yake niliitazama alama yako nikatulia, kama nilivyokuwa natulia utotoni nikisikia mwiko wako unakwangua karai uani. Nikajiambia, mkono wa Baba upo pale. Vitu vyote nimefundishwa kuvipima, Baba, ila mkono wako sikuwahi kuupima. Na nilijiambia pia kwamba nikiuliza, wewe ndiye utakayeumbuka wa kwanza. Nikasaini.

Nilijua nimesaini nini. Miezi minne nilikuwa nikisikia simu inalia nashtuka. Nilisimama mbele ya watu arobaini nikawafundisha viwango, nikawaonyesha picha ya mnara, wakapiga makofi. Najichukia kwa yale makofi kuliko kwa ile saini.

Wewe ulinyamaza kwa ajili yangu, mimi nikanyamaza kwa ajili yako, na Juliana tukamweka chini ya mapenzi yetu, yeye na kiti chake cha plastiki.

Kesho naingia mbele ya jopo la uchunguzi. Nitasema yote. Cheti watachukua, na wachukue. Nasibu ana makosa yake lakini hatabeba na yetu. Barua zako zote nimezitoa nakala, nimezitia kwenye jalada, na hii nayo itaingia. Watakuita. Mwanasheria wa kampuni ametukataza kuandikiana mpaka uchunguzi uishe.

Donatus aambiwe na wewe kabla hajaambiwa na wao. Nakuomba hilo tu.

Mwanao,
Vumilia


Mwanzugilo, 7 Aprili 2024

Vumilia,

Mwanasheria amekataza, basi hii ni ya jalada. Waisome wote.

Jopo limeniita Alhamisi, nitakuja. Yaliyo kwenye barua zangu ndiyo nitakayosema kwa mdomo. Wanaonihoji waongee kwa sauti.

Kaburi nimelimwaga jana. Saruji moja kwa mchanga mbili kwa kokoto nne, saruji kamili, maji ya kiasi. Donatus alinichotea maji kutoka kisimani, maana tumerudi kisimani kijiji kizima. Nilipomaliza kulainisha juu, mkono ulikwenda wenyewe, vidole vitatu vikashuka mpaka vikakaribia kugusa. Nikavirudisha.

Donatus aliona. Akaniuliza, "Fundi, mbona mke wangu humwekei alama? Si wewe husema ni ya siku ikipasuka? Sasa mimi nitabisha mlango wa nani?"

Nikaweka mwiko chini, nikamwambia. Nilimwambia ya kwangu, na ya kwako pia nilimwambia.

Hakunitukana, na natamani angenitukana. Aliuokota mwiko wangu, akapiga magoti, akaanza kulainisha upya mwenyewe. Hajui kazi ile. Aliharibu, akafanya mabonde mabonde, zege likaanza kumkaukia, naye akaendelea tu mpaka jua likatua. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sikumsahihisha.

Athanas Bujiku,
baba mzazi wa meneja wa mradi